Sahani ya Bi Sikuzani

Konstebo Dismasi alikuwa ameegemea mlango wa stoo ya nyavu kwa mgongo wake wote, miguu ameikita chini kama mtu anayezuia gari lisirudi nyuma. Nje ya ua wa mabati watu walikuwa wanazidi. Ilikuwa mwezi wa Ramadhani, alasiri, jua la Ujiji linachoma. Mtu mwenye kiu na hasira huwezi kumtuliza kwa kikombe cha maji.

"Yuko hai?" aliuliza Koplo Honorata.

"Yuko hai, afande. Nimechungulia kwenye ufa. Amekaa juu ya nyavu, ameshika magoti. Nimemwambia, we binti jitetee. Ananitazama tu kama vile mgonjwa ni mimi."

"Aliyemfungia ni nani?"

"Mwenye nyumba, Yassir. Kisha akaondoka na ufunguo, kampeleka mama yake hospitali. Na heri alivyofunga, maana hao wa nje wengine wamekuja na makasia."

Habari yenyewe ilikuwa fupi. Mwaka ule vita vya ng'ambo vilikuwa vinawasukuma watu ziwani kila siku, maboti yakiwashusha Kibirizi na pwani zote za Kigoma. Wengi walipelekwa kambini. Wachache walibaki mjini kwa kujificha, wakaingia nyumba za watu kufanya kazi za ndani. Merina alikuwa mmojawapo, binti wa miaka kumi na saba kutoka mji wa Baraka, upande wa Kongo, Mkristo aliyepokelewa katika nyumba ya Waislamu. Kazi yake kubwa ilikuwa kumwangalia Bi Sikuzani, mama yake Yassir, mzee mwenye ugonjwa wa sukari.

Mchana huo Bi Sikuzani alianguka uani. Shadia, mke wa Yassir, alipotoka jikoni alimkuta Merina amempakata mzee, anammiminia kitu mdomoni kwa kikombe. Shadia akapiga yowe: sumu! Mtaa mzima ukaja.

Mkuu wa kituo, alipomtuma Honorata, hakuzungusha maneno. "Honorata, jua likizama nataka jibu. Kama ni sumu, huyo binti analala mahabusu na kesho anasomewa shtaka la kutaka kuua. Kama si sumu, uniambie ni nini."

Koplo Honorata aliinama kwenye ufa wa mlango.

"Merina. Mimi ni askari, lakini ni mama pia. Ulimpa bibi nini?"

Honorata aligonga mlango kwa kidole.

"Mwanangu, usiponiambia wewe, wataniambia hao wa nje."

Kitu kilisogea kwenye nyavu. Sauti ikaja, ndogo, karibu sana na ufa. "Bibi iko muzima?"

"Yuko hai. Yuko hospitali."

"Banamupa chakula?"

Honorata akamtazama Dismasi, kisha akarudi kwenye ufa. "Kwa nini unauliza chakula?"

"Miye niliapa, mama. Na Biblia ya marehemu mama yangu. Nikisema, nimevunja kiapo. Nisiposema, mutaniua. Wewe fanya kazi yako."

Baada ya hapo hakusema tena, hata alipobembelezwa.

"Umesikia?" Honorata alimwambia Dismasi. "Mtu aliyetia sumu angeuliza kama mgonjwa amekufa. Huyu anauliza kama amekula."

"Labda ni ujanja, afande."

"Labda. Usitoke hapo mlangoni, hata ukiitwa na mkeo."

"Huyo ndiye wa kwanza nisiyemfungulia," alisema Dismasi.

Shadia alikuwa jikoni, kitenge amekifunga kiunoni, macho yamevimba. Mchele wa futari ulikuwa kwenye sinia, umepetwa nusu.

"Shikamoo, afande."

"Marahaba. Kikombe kiko wapi?"

"Hakijaguswa. Nimekifunika kwa ungo mwenyewe, nikajua mtakitaka."

Honorata aliinua ungo. Kikombe cha bati kilikuwa kimelala ubavu, na kuzunguka ukingo wake sisimizi walikuwa wamejipanga, wengine wameshaingia ndani. Akakinusa. Hakikunuka dawa ya panya wala dawa ya shamba. Hakuonja, kwa sababu sumu nayo inaweza kuwa tamu. Akatazama rafuni: kopo la sukari ya futari lilikuwa wazi, kijiko kimeachwa ndani, punje zimemwagika hadi mlangoni kama mtu aliyechota huku anakimbia.

"Alimpa maji ya sukari," alisema.

Shadia akajipiga mapaja. "Si ndiyo hiyo sumu yenyewe! Afande, mama ana ugonjwa wa sukari! Hospitali walimkataza asilambe hata kidogo. Chai yake ni chungu, mtaa mzima unajua. Na huyo mtoto nilimwambia siku ya kwanza, nikarudia: sukari ni kifo kwa bibi. Sasa mtu anayejua hivyo, akachukua sukari akammiminia mgonjwa mdomoni, alikuwa anataka nini?"

Koplo Honorata alikifunika tena kikombe. Kama maji yale ndiyo yaliyomwangusha mzee, basi kosa liko wazi, na chombo cha kosa kipo, na shahidi yupo.

"Mama alianguka kabla ya kunyweshwa au baada?"

"Nilipotoka alikuwa ameshaanguka."

"Hukuona mwanzo."

"Niliona mwisho. Mwisho hautoshi?"

"Leo mama alikula nini?"

"Asubuhi uji wa ulezi. Mchana ugali na samaki, mgebuka. Sisi wote tumefunga, lakini yeye daktari kamkataza kufunga. Shehe naye kamkataza. Alimwambia, mama wewe ni mgonjwa, kila siku usiyofunga mlishe maskini mmoja, Mungu anapokea."

"Alimaliza chakula?"

"Habakizi siku hizi. Zamani alikuwa anadonoa kama kifaranga. Tangu mwezi uanze sahani inarudi imepanguswa. Nikasema alhamdulillahi, mkwe wangu amepata nguvu."

"Ulimwona akila?"

Shadia alimtazama kama mtu aliyeulizwa jambo la aibu. "Afande, mtu aliyefunga atakaa amkodolee macho anayekula? Nampelekea chumbani, narudisha mlango. Ndiyo adabu ya mwezi huu. Hata yeye hapendi aonekane anatafuna wakati wengine wana njaa."

"Sahani ya mchana iko wapi?"

"Kwenye beseni. Haijaoshwa. Mwoshaji si huyo kafungiwa."

Honorata aliitoa sahani kwenye beseni kavu. Kichwa cha mgebuka kilikuwa kimepasuliwa, kimefyonzwa ubongo. Uti wa mgongo ulikuwa umetafunwa kutoka mkiani mpaka karibu na kichwa, vimebaki vipande vilivyosagwa vikatemwa pembeni. Aliyekula hapo alikula kama mtu ambaye hana hakika ya kula kesho.

"Shadia, mkwe wako ana meno?"

"Meno?" Pamoja na machozi, Shadia alitaka kucheka. "Anayo mawili ya mbele, ya kuwaonyeshea wageni."

"Samaki anamlaje?"

"Mimi ndiye nilikuwa namchambulia miiba. Mwezi ulipoanza akasema niache, atachambua mwenyewe. Nikajua ndiyo nguvu imerudi." Akaiona sahani mikononi mwa Honorata, na kicheko kikamwishia. Akaitazama tena.

Honorata aliifunga mifupa katika gazeti. "Tabibu wa zamu ametuma neno. Anataka dawa zote za mama."

Shadia akaleta vifuko viwili vya karatasi. Kimoja cha vidonge vya kushusha sukari, cha asubuhi na cha jioni. Kingine cha presha. "Namgawia mimi mwenyewe. Sijawahi kuruka hata siku moja."

"Na vingine?"

"Hivyo ndivyo vyote."

Koplo Honorata alikwenda mwenyewe chumbani kwa mzee. Kitanda cha kamba, godoro la Merina chini, mkeka wa kuswalia umekunjwa. Juu ya dirisha, nyuma ya pazia, kulikuwa na kifuko cha tatu chenye vidonge vikubwa vyeupe, na chupa ya maji ya mwarobaini.

"Hivi je?"

"Aa, hivyo!" Shadia akasema. "Hivyo vya kifua tu. Yassir alivinunua dukani mama alipokohoa. Mwarobaini kaletewa na jirani. Hizo si dawa za hospitali, afande."

Wangapi wetu tunasema hivyohivyo! Dawa ya hospitali ndiyo dawa, ya dukani ni ya kifua tu, ya jirani ni majani tu. Tumbo halijui tofauti hiyo. Honorata alitia vyote kwenye kikapu, pamoja na sahani, kikombe na gazeti la mifupa, akamwambia Shadia apande Landrova.

Getini watu hawakupisha mpaka dereva alipopiga honi. Mwanamke mmoja alipiga bati kwa kiganja. "Mnamlinda! Mnamlinda muuaji!"

Wodi ya wanawake ilikuwa imejaa mpaka sakafuni. Mama zetu wa ng'ambo walikuwa wamelazwa kwenye mikeka katikati ya vitanda, na kupita ilikuwa kuomba radhi kila hatua. Bi Sikuzani alilazwa kitanda cha mwisho, ukutani. Chupa ya maji ilining'inia juu yake. Yassir alikuwa amesimama kichwani mwa mama yake, mwanamume mpana, mfanyabiashara wa dagaa, ufunguo wa stoo ameuvaa shingoni kwa kamba.

Tabibu Bonaventura hakungoja salamu ziishe.

"Mzee akianguka, watu huuliza nani kamroga au nani kamsukuma. Mimi huanza na kuuliza kameza nini. Mmeleta?"

"Tumeleta. Kwanza niambie, daktari. Ni sumu?"

"Nilitazama. Sumu ya shamba, mboni za macho zingekuwa ndogo kama tundu la sindano na mate yangemtoka. Huyu macho yake ya kawaida, na kinywa kikavu kama karatasi. Nikatafuta kiharusi. Mikono yote inavuta, uso haujapinda. Kichwani hana jeraha, nyonga haijavunjika. Presha iko chini kidogo, ila si ya kumwangusha hivi. Lakini alikuwa amelowa jasho na anasema maneno yasiyoeleweka. Nikatoa tone la damu kidoleni."

"Sukari ilikuwa juu?" aliuliza Yassir. "Si kapewa sukari!"

"Ilikuwa chini. Chini kabisa. Kidogo tena angekufa."

Yassir na Shadia walitazamana.

"Chini?" alisema Yassir. "Daktari, huyo mtu kanyweshwa kikombe kizima cha sukari!"

"Kama kweli kanyweshwa, basi ndiyo iliyomfikisha hapa akiwa anapumua. Ingawa mtu aliyezimia hamiminiwi kitu mdomoni, anaweza kukabwa. Anapakwa sukari kwenye fizi, analazwa ubavu, analetwa mbio. Lakini aliyefanya hivyo alikuwa anamwokoa."

Shadia alikaa chini, palepale, pembeni ya mkeka wa mgonjwa wa watu.

"Sasa linalonisumbua ni hili," Bonaventura aliendelea. "Nilimpa sukari ya mshipani, akafumbua macho. Akaniuliza kama jua limezama. Nikasema bado. Akafumba macho. Muda si muda ikashuka tena. Nikampa tena. Maana yake mwilini kuna dawa inayoendelea kufanya kazi. Hebu kikapu."

Alimwaga vidonge kwenye sinia la bati, akavitenga kwa kidole. "Cha sukari. Cha presha. Na hivi vyeupe?"

"Vya kifua tu," alisema Yassir.

"Hivi ni vya salfa. Muuzaji alikuuliza mgonjwa ni nani? Alikuuliza anameza nini kingine?"

"Aliniuliza kama nataka vya siku tano au saba."

"Haya. Kidonge hiki kikimkuta mwenzake wa sukari, kinampa nguvu mara mbili. Na figo za mtu wa umri huu zimechoka, hazitoi dawa upesi. Inakaa mwilini kama mgeni asiyejua kuaga. Kikohozi kinapona, mtu anakufa. Kesho mtu akikohoa nyumbani kwenu, njoo naye, na uje na kila kidonge anachomeza, hata cha kuokota."

Yassir aliinamisha kichwa. Bonaventura akavirudisha vile vya salfa kifukoni, akatia mfukoni mwake.

"Pamoja na hayo," alisema, "bado hainiingii akilini. Mtu aliyekunywa uji asubuhi, akala ugali na samaki mchana, hata na hizi salfa asingeshuka namna hii."

"Hakula," alisema Koplo Honorata.

"Alikula!" Shadia alisimama. "Sahani mnayo!"

Honorata alilifungua gazeti juu ya kitanda. "Mifupa imesagwa. Meno mawili ya kuwaonyeshea wageni hayasagi mifupa ya mgebuka. Sahani ilirudi tupu, ndiyo. Aliyeimaliza ni mwingine. Na katika nyumba ile, mchana, asiyefunga ni mmoja tu mbali na mama."

"Mshenzi!" Yassir alinguruma. "Kwa hiyo alikuwa anamnyang'anya mama yangu chakula! Anampiga njaa ndani ya nyumba yangu!"

"Usiwahi. Mama yako ana mdomo. Angenyang'anywa angesema."

"Na dawa anameza kila siku," Shadia akasema. "Hata leo, cha sukari na hicho cha kifua, nilimpa na uji."

"Ulimwona akimeza?"

Mlango ulikuwa umerudishwa.

Khanga ya Bi Sikuzani ilikuwa imetundikwa kwenye chuma cha kitanda, bado ina vumbi la uani. Honorata aliipitisha mikononi pindo kwa pindo, kama mama anayetafuta upele kichwani mwa mtoto. Pembe moja ilikuwa na fundo. Akalifungua. Vidonge viwili vikaanguka kwenye sinia: kidogo cha sukari, kikubwa cheupe.

"Hivyo ni vya leo," Shadia alinong'ona.

Bonaventura alikunja uso. "Afande, sasa unanipoteza. Kama hakumeza cha asubuhi, sukari ilitakiwa ipande."

"Cha leo hakumeza. Lakini cha jana kiko wapi? Na cha juzi? Fundo lina vya siku moja. Vile vya nyuma alivimeza, ila si pamoja na uji. Daktari, mtu anayetoa uji wake na chakula chake cha mchana, na dawa ya asubuhi anaifunga kwenye khanga, anaimeza saa ngapi?"

Tabibu aliviokota vile vidonge viwili.

"Anaimeza saa ambayo anaruhusiwa kumeza," alisema Honorata. "Jioni ana kidonge cha jioni; cha asubuhi anakiweka mpaka alfajiri ya pili, kabla ya adhana, kwa funda la maji. Halafu anakaa na dawa tumboni bila chakula kutwa nzima. Na ukimwamsha, neno la kwanza anauliza kama jua limezama."

"Mama amefunga," alisema Yassir. Hakuwa anauliza.

Bonaventura alishachukua bomba la sindano. Alisukuma sukari taratibu kwenye mrija, macho yake usoni kwa mgonjwa. Walingoja. Kwanza kope zilicheza. Kisha Bi Sikuzani akavuta pumzi ndefu, akatazama dari, akamtazama mwanawe.

"Merina yuko wapi?" alisema. "Amekula?"

Honorata aliinama karibu.

"Shikamoo, bibi. Yupo nyumbani. Bibi, nina swali moja, na binti huyo anategemea jibu lako. Chakula chako cha mchana alikuwa anakula nani?"

Mzee aliwatazama mmoja mmoja. Akaona sahani. Akaona khanga yake imefunguliwa fundo.

"Kasema?"

"Hakusema neno. Wanataka kumuua, na hakusema."

"Yoo, mwanangu!" Machozi yakamtoka mzee pembeni. "Mtoto kaja na mifupa mitupu. Mnapofunga ninyi hampiki ila changu, na yeye anaona haya kuomba. Shehe aliniambia nilishe maskini. Nikamlisha. Lakini na mimi nikafunga. Nikasema nikizidisha, Mungu hatanigombeza. Niende kwake na madeni ya funga, nani atanilipia? Wewe Yassir, uliyekohoa tu mwaka jana ukaacha kufunga?"

"Mama..."

"Alilia, hakutaka kula. Nikamwambia usipokula nakitupa. Nikamwapisha. Leo nikaona giza uani, nikamsikia anasema, bibi ni njaa, bibi ni njaa. Mengine sijui."

Yassir alijifuta uso kwa kiganja. "Basi. Amezinduka. Nitamchukua, tukafuturu naye nyumbani."

"Hutoki naye," alisema Bonaventura. "Umeniona nimemwamsha mara ngapi? Dawa ile bado imo. Ukimlaza nyumbani, usiku atashuka na mtadhani amelala. Hapa anakaa mpaka niseme. Kidonge cha sukari cha jioni hapewi, na mtu asimletee dawa ya kifua." Akamgeukia mzee. "Na wewe mama, utakunywa uji sasa hivi."

Bi Sikuzani akafunga mdomo. "Jua?"

"Limezama, mama," alisema Shadia upesi, na nje ya dirisha jua lilikuwa bado linang'aa juu ya ziwa. "Limezama, kunywa."

Mzee alimtazama mkwe wake kwa muda. Kisha akafungua mdomo.

Walirudi Ujiji pamoja na Yassir, mpaka wakaanza kuona watu mbele ya nyumba. Walikuwa wengi kuliko mwanzo. Watoto walikuwa wamepanda juu ya ukuta wa jirani.

"Shadia," alisema Koplo Honorata. "Yowe ulipiga wewe. Wewe ndiye utakayeliondoa. Mimi nikisema watasema polisi wamemficha."

"Nitasema nini?"

"Sema ulichokisikia."

Shadia alisimama kwenye ngazi ya Landrova, kitenge amekishika kwa mikono miwili. "Majirani! Nilikosea. Si sumu! Mama alikuwa amefunga kwa siri, dawa zikamzidi nguvu. Daktari kasema. Yule binti alikuwa anamwokoa kwa sukari. Nendeni, tafadhali. Nendeni mkajiandae na futari."

Ilionekana kama watu watageuka. Wawili watatu walishusha makasia. Kisha mzee mmoja wa maboti, aliyekuwa mbele, akainua mkono.

"Shadia, hebu ngoja. Sisi sote tunajua sukari inamuua mwenye sukari. Wewe hukujua vingine, mumeo hakujua, mimi sikujua. Anayejua ni daktari. Huyo mtoto wa ng'ambo, aliyekuja jana na kitambaa kichwani, alijuaje kwamba bibi anataka sukari?"

Mwanamke akasema nyuma, si kwa sauti kubwa, "Alijua kwa sababu ni yeye aliyemshika."

"Mchawi!"

"Alijua ni njaa!" Koplo Honorata alipaza sauti. "Alijua bibi hajala, kwa sababu chakula alikuwa anapewa yeye!"

Neno likishatoka halina mkia wa kulivuta. Aliona nyuso zinavyobadilika.

"Mnasikia? Alikuwa anakula chakula cha mgonjwa!"

"Anakula, bibi anakonda!"

"Ndivyo wanavyofanya, wanakula mtu kidogo kidogo!"

Honorata alimshika Shadia mkono, akamshusha, wakapita getini na Yassir nyuma yao akiwasukuma watu kwa mabega yake mapana. Dismasi alikuwa bado mlangoni pa stoo, kofia imemtoka, shavuni ana mkwaruzo wa jiwe.

"Fungua," Honorata alimwambia Yassir.

Yassir alivua ufunguo shingoni. Akakosa tundu mara ya kwanza. Mlango ukafunguka. Merina alikuwa amesimama katikati ya nyavu, miguu mitupu, amejifunika mabega kwa shuka.

"Toka, mwanangu," alisema Yassir. Lilikuwa neno gumu kwake. "Mama kasema yote. Huna kosa. Toka."

"Bibi amekula?"

"Amekula uji."

Merina alivuta pumzi, akaketi chini tena. Jiwe liligonga paa. Likafuata la pili.

"Huna kesi," Honorata alimwambia. "Nitamwandikia mkuu wa kituo sasa hivi: si sumu. Hakuna shtaka."

"Asante, mama." Merina alikuwa anasikiliza vile vilivyokuwa vinasemwa nje, na kila kitu kilisikika. "Hao nao utabaandikia?"

Bati la ua lilipigwa kwa kasia, likalia mtaa mzima.

"Nifungie," alisema Merina. "Mama, tafadhali. Funga mulango."

Yassir alibaki na kufuli mkononi, mbele ya stoo yake mwenyewe. Alimtazama mke wake. Shadia alikuwa ameziba masikio.

Koplo Honorata alitazama jua. Lilikuwa bado juu ya milima ya Kongo, lakini si juu sana. Akavua kofia, akampa Dismasi. "Pita uani kwa jirani, nenda mbio mpaka kituoni. Mwambie mkuu si sumu, na nataka askari wote alio nao, sasa. Yassir, wewe kaa getini. Wewe ndiye mwenye mama. Wanaotaka kuingia wapite juu yako."

Kisha akaingia stoo, akaketi juu ya nyavu karibu na Merina.

"Funga," alimwambia Shadia. "Ufunguo kaa nao wewe. Usimpe mtu."

Mlango ukarudi. Kufuli ikaingia. Ndani palibaki ule ufa mmoja wa mwanga, na harufu ya dagaa na kamba mbichi.

"Utakaa humu?" aliuliza Merina.

"Mpaka waende kufuturu. Hakuna Mwislamu atakayesimama na kasia adhana ikilia."

Merina alifikiri. Mawe yalikuwa yameanza kuja mawili mawili.

"Na wakishakula?"

Koplo Honorata alisogea, akauegemeza mgongo wake mlangoni.